Kutoka Kigoma kwenda kuishi nje ya nchi: karatasi, viza na miezi mitatu ya kwanza

Mtu wa Kigoma anayetaka kwenda kuishi nje, awe anakwenda kusoma Ujerumani, kufanya kazi Oman au kumfuata mwenzi wake Uingereza, mara nyingi huanza kwa kuulizia viza. Huko ni kuanzia mwishoni. Safari nyingi hukwama hapa hapa mkoani, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, NIDA inasema vile, na cheti cha kidato cha nne kina jina la tatu. Afisa wa ubalozi hana muda wa kukupigia simu umweleze. Anaandika amekataa, anaendelea na faili linalofuata, na ada yako hairudi.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla hujanunua tiketi. Jipe miezi sita kama karatasi zako zimekaa vizuri. Kama hazijakaa vizuri, jipe mwaka.

Hatua ya kwanza: linganisha karatasi zako herufi kwa herufi

Chukua daftari, chora jedwali. Kila mstari uwe karatasi moja: cheti cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha darasa la saba, kidato cha nne, chuo, cheti cha ndoa kama unacho, akaunti ya benki. Safu ziwe jina la kwanza, la kati, la mwisho, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, jina la baba, jina la mama. Nakili kama ilivyoandikwa, usisahihishe kichwani. Ukimaliza, mpe mtu mwingine asome, kwa sababu jicho la mwenye jina huruka makosa.

Makosa ya kwetu yanajulikana. L na R zinabadilishana, Luhaga kwenye cheti kimoja na Ruhaga kwenye kingine. B inageuka Bh. Yusuf anakuwa Yusuph, kisha Yusufu. Jina la nyumbani la Kiha lilikuwa la mwisho shuleni, NIDA likawa la kati. Na mahali pa kuzaliwa: Buhigwe, Uvinza na Kakonko zilianzishwa kuwa wilaya mwaka 2012, hivyo aliyezaliwa Buhigwe kabla ya hapo ana cheti kinachosema Kasulu. Hilo si kosa, ila likiwa tofauti kwenye fomu mbili litaulizwa. Kwa mahali pa kuzaliwa, fuata cheti cha kuzaliwa kwenye kila fomu.

Kosa baya kuliko yote ni la tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku. Iangalie yako sasa hivi. Ikianza na 19940101 wakati cheti chako cha kuzaliwa kinasema 14 Julai 1996, basi siku ya kuandikishwa mtu alikukadiria, akakuandikia Januari mosi kama wengi walivyoandikiwa, na kadirio hilo sasa limo ndani ya namba yenyewe. Utaliona tena kwenye pasipoti, kwenye laini ya simu, benki, kila mahali.

Marekebisho yana mpangilio wake. Cheti cha kuzaliwa kwanza, kisha NIDA, kisha pasipoti. Ukirudi nyuma katikati, unalipa mara mbili. Kabla ya kuamua uelekeze wapi, kumbuka kwamba cheti cha Baraza la Mitihani ndicho kigumu zaidi kubadilika. Kama jina lililoko kwenye cheti cha kidato cha nne ni lako kweli, vuta karatasi nyingine zilifuate.

Watu wengi huchanganya vitu viwili kwa wakili. Kiapo kinasema tu kwamba Luhaga na Ruhaga ni mtu mmoja; hakibadilishi chochote kwenye karatasi, na kinafaa kwa tofauti ndogo ya herufi. Hati ya kubadili jina ni kitu kingine: unaacha jina moja na kuchukua jingine, hati inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na baada yake unabadilisha karatasi zilizobaki. Ukipeleka kiapo mahali panapotaka hati iliyosajiliwa utarudishwa.

Hatua ya pili: cheti cha kuzaliwa na pasipoti

Ambaye hana cheti cha kuzaliwa aanze na usajili uliochelewa wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ambao kwa wilayani hupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Beba kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha darasa la saba, kitambulisho cha mzazi na barua ya mtendaji. Cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono, chenye wino uliofifia, kibadilishe mapema upate cha kisasa, kwa sababu ukikiskani hakisomeki.

Ombi la pasipoti hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa jumla: 20,000 za fomu na 130,000 za kitabu, zinazolipwa kwa namba ya malipo ambayo mfumo wenyewe unakupa. Hakuna malipo halali ya mkononi kwa mtu aliyekaa nje ya ofisi na bahasha. Baada ya kujaza, chapisha fomu, isainiwe, kisha upeleke ofisi ya Uhamiaji ya mkoa pamoja na vielelezo na uchukuliwe alama za vidole. Pasipoti hudumu miaka 10. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa mbili tupu, kwa hiyo yenye miezi minane iliyobaki ibadilishe kabla ya kuomba viza.

Kwa mkoa huu, kinachochukua muda ni uraia. Kigoma inapakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Mkoa huu umekuwa na kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Nduta, na ukoo mmoja unaweza kuwa na ndugu pande mbili za mpaka. Maafisa wanauliza sana, na ni bora ukaenda umejiandaa kuliko kwenda na hasira. Andaa mambo haya:

– Cheti cha kuzaliwa cha baba au mama, na NIDA yake. Mzazi asiye na cheti, kiapo cha kuzaliwa kwake kinachoeleza kijiji, kata na wilaya.
– Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo, na kiapo cha ndugu yake mkubwa aliye hai mwenye NIDA.
– Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha wa kata, inayotaja tangu lini familia inaishi hapo na kitongoji gani. Barua ya mistari miwili isemayo "namfahamu" haisaidii.
– Majina ya babu na bibi wa pande zote mbili na vijiji vyao. Fomu inataka, na kwenye mahojiano utaulizwa tena. Wengi hukwama hapa kwa sababu walijaza jina la babu kwa kubahatisha.
– Vyeti vya shule kuanzia msingi, hata kama vinaonekana havihusiani.

Kama familia yako ni ya waliopewa uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba na si wa kuzaliwa, kwa mfano wa makazi ya Ulyankulu kule Tabora au ya Katumba na Mishamo, leta cheti cha uraia cha mzazi na nakala yake. Hilo ni jibu kamili la kisheria na si la kuonea haya. Kinachoharibu ni kukificha na kuandika babu wa kuazima. Maelezo ya uongo kwenye ombi la pasipoti ni kosa la jinai, na hata ikitoka inaweza kufutwa wakati uko ugenini na familia. Vilevile kama uliwahi kuchukua kitambulisho cha Burundi au Kongo kwa ajili ya biashara, zungumza na wakili kabla hujajaza chochote, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Mtoto naye anahitaji pasipoti yake, na wazazi wote wawili hutakiwa kuridhia. Mzazi anayelea peke yake aanze mapema kutafuta karatasi za mahakama au ustawi wa jamii zinazoonyesha nani ana malezi. Balozi zitaziulizia tena.

Hatua ya tatu: hakiki kazi au chuo kabla ya kutoa hata shilingi

Wakala anayepeleka watu kazini nje lazima awe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Omba jina kamili la kampuni na namba ya leseni, kisha uliza ofisi ya kazi ya mkoa au TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Wakala halali hukupa mwenyewe bila kununa.

Mkataba uusome wote kabla ya kusafiri, na nakala iliyosainiwa ibaki kwa ndugu nyumbani. Unatakiwa kuonyesha jina la mwajiri, mji, aina ya kazi, mshahara na sarafu yake, saa za kazi, siku ya kupumzika, chakula na malazi, muda wa mkataba, na nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi. Ukitaka kipimo cha kulinganishia, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2022 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko kwa wiki, saa 12 za kupumzika kwa siku zikiwemo nane mfululizo, likizo ya siku 30 kwa mwaka, na haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Gharama za kumtafuta na kumleta ni za mwajiri. Kwa Saudia, mikataba ya kazi za nyumbani hupitia mfumo wa serikali uitwao Musaned. Wakala asiyeweza kukuonyesha mkataba wako humo hana mkataba.

Kuna dalili nne ambazo ukiiona hata moja, simama. Unaambiwa uingie kwa viza ya kitalii, "itabadilishwa huko huko". Mkataba ni wa lugha usiyoisoma na hakuna tafsiri. Pasipoti yako inachukuliwa "kwa usalama" kabla hujaondoka. Na ya nne, ambayo kwa watu wa mkoa huu ni ya hatari kuliko zote: unaambiwa usipandie ndege Dar es Salaam, uvuke Manyovu uende Bujumbura, au upite kwa basi hadi Entebbe au Nairobi, ili usiulizwe maswali. Mtu mwenye kazi halali haogopi maswali ya Uhamiaji. Njia hiyo ndiyo wanayopitishwa wanaouzwa, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu. Binti wa miaka 19 akiambiwa hivyo, wazazi wapeleke taarifa polisi siku hiyo hiyo.

Uingereza nako kuna mlango uliofungwa ambao bado unauzwa. Tangu 22 Julai 2025, waajiri wa huko hawawezi tena kuleta watunza wazee wapya kutoka nje kwa viza ya kazi hiyo. Anayekuuzia "barua ya udhamini" ya kutunza wazee leo anakuibia.

Upande wa vyuo, barua ya udahili ithibitishe kwa kuandika barua pepe kwa anwani iliyoko kwenye tovuti ya chuo. Usitumie anwani iliyoandikwa kwenye barua yenyewe. Udahili wa masharti hautoshi kuombea viza ya Uingereza. Chuo lazima kikupe namba ya CAS, yaani uthibitisho wake rasmi kwamba kimekupokea kusoma.

Hatua ya nne: viza

Kwa nchi za Ghuba, viza ya kuingilia hushughulikiwa na mwajiri, na unaiona kabla ya kuruka. Soma neno linaloonyesha aina ya viza, jina lako herufi kwa herufi, na namba ya pasipoti. Ukifika unapimwa afya tena, unachukuliwa alama za vidole na kupewa kadi ya ukaazi. Kabla ya kadi hiyo huna akaunti ya benki wala laini ya kudumu. Viza ikiisha bila kadi unaanza kuhesabiwa faini. Kwa Falme za Kiarabu ni dirhamu 50 kwa kila siku.

Kwa mwanafunzi wa Uingereza, ugumu uko kwenye taarifa ya benki. Fedha inayotakiwa lazima iwe imekaa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya taarifa isizidi siku 31 kabla ya kuwasilisha ombi. Salio likishuka chini ya kiwango kwa siku moja tu, hata kwa shilingi 50,000 ulizotoa kwa wakala wa simu, hesabu inaanza upya na viza inakataliwa. Shilingi inapanda na kushuka dhidi ya pauni, kwa hiyo weka ziada ya asilimia kumi. Fedha ikiwa kwenye akaunti ya baba, unahitaji barua yake ya ridhaa na cheti chako cha kuzaliwa kinachomtaja kwa jina lile lile lililoko benki. Hapo ndipo lile jedwali la mwanzo linapolipa.

Ada ya afya ya Uingereza nayo wengi huisahau kwenye bajeti. Mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa mwaka, yote kwa pamoja wakati wa kuomba, na hutozwa kwa muda wote wa viza, si wa masomo pekee. Shahada ya uzamili ya miezi 12 hupewa viza ya zaidi ya mwaka, hivyo hutozwa mwaka mmoja na nusu: pauni 1,164. Na tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Wa utafiti wa udaktari anaruhusiwa. Panga familia kwa kujua hilo.

Ujerumani hutaka akaunti ya zuio, Sperrkonto. Kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 11,904, unazoweka zote kabla, kisha unapewa euro 992 kila mwezi ukifika. Viza ya muda mrefu ni euro 75. Miadi ya ubalozi hujaa haraka, kwa hiyo omba miadi mara tu udahili unapotoka. Usingoje akaunti ikamilike. Wanaokwenda kwa mafunzo ya ufundi au uuguzi wanahitaji Kijerumani, kwa kawaida kuanzia kiwango cha B1, na kukifikisha hapo ni kazi ya karibu mwaka. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha Kijerumani, iko Dar es Salaam. Chumba cha kupanga wakati wa mafunzo kiingize kwenye bajeti.

Kenya, Uganda, Rwanda na majirani wengine wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni rahisi kuingia, lakini kuingia si kibali cha kazi. Muhuri wa mpakani unakupa muda wa kukaa. Kazi inahitaji kibali chake, na mwajiri ndiye anayekiomba.

Vyeti vya Kiswahili, hasa cha ndoa na barua za mtendaji, vitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo. Nchi nyingi hutaka pia uthibitisho wa mnyororo: RITA au Baraza la Mitihani kwanza, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unakokwenda. Kila pete hutazama muhuri wa pete iliyotangulia. Ukiruka moja, anayefuata anakurudisha Kigoma, na nauli ni yako.

Hatua ya tano: fanya safari moja ya Dar es Salaam

Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam ingawa serikali iko Dodoma, na kwa reli kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwenda mara tatu kunamaliza akiba. Maombi mengi huanzia mtandaoni, kwa hiyo jaza na lipa ukiwa nyumbani, kisha pangilia miadi iangukie wiki moja. Jumatatu iwe ya kupimwa, katikati ya wiki alama za vidole, Ijumaa ibaki wazi kwa karatasi iliyosahaulika. Fika siku mbili kabla ya miadi ya kwanza. Treni na basi huchelewa, hasa masika, na kituo cha viza hakina huruma na aliyechelewa.

Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita anapimwa kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, jijini. X-ray ya hospitali ya mkoa haikubaliki. Cheti hudumu miezi sita. X-ray ikionyesha kivuli utatakiwa kutoa makohozi, na majibu huweza kuchukua hadi wiki nane, kwa hiyo usipime wiki moja kabla ya chuo kufungua. Aliyewahi kuugua TB akapona aende na kadi yake ya matibabu. Kovu la zamani linaonekana, na karatasi ndiyo inayolieleza.

Chanjo ya homa ya manjano ichome mapema. Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na tangu 2016 dozi moja inatambulika kwa maisha yote. Wengi hudhani hawaihitaji, kisha wananunua tiketi ya bei nafuu inayowalaza uwanja wa ndege wa Addis Ababa au Nairobi. Kukaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo kunatosha nchi unakokwenda ikudai cheti. Jina kwenye kile kitabu cha njano liwe la pasipoti. Manesi huandika jina unalowatajia, basi wape pasipoti wanakili.

Yanayobaki nyumbani

Laini ya simu ndiyo funguo ya benki yako, na laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, kisha namba hupewa mtu mwingine. Washa huduma ya kutumia laini ukiwa nje kabla ya kuondoka, jaribu kupokea ujumbe wa benki, na iwekee vocha mara kwa mara. Kuirudisha ukiwa nje ni vigumu kwa sababu alama ya kidole inatakiwa dukani.

Mwenye TIN ya biashara akaifunge au aisimamishe TRA, la sivyo makadirio yanaendelea na duka la Mwanga lilishafungwa. Mwenye mkopo wa elimu ya juu apange namna ya kulipa. Deni halikai Kigoma likikungoja, linaongezeka. Shamba la michikichi, kiwanja na nyumba viachiwe mtu kwa hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, inayotaja wazi anachoruhusiwa: kupangisha, kuvuna, kulipa kodi ya ardhi. Kama hutaki auze, iandikwe kwamba haruhusiwi kuuza. Maneno ya mdomo kati ya ndugu ndiyo yanayozaa kesi.

Mzigo

Dagaa wakavu kutoka Kibirizi wanaweza kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, kwani bidhaa za samaki zinaruhusiwa hadi kilo 20 kwa msafiri. Nyama na maziwa haviruhusiwi kabisa, hata nyama kavu ya nyumbani. Wafunge dagaa kwenye mifuko miwili iliyozibwa kwa moto, kisha kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwa sababu begi likinuka litafunguliwa. Mawese yakiganda kwa baridi ndani ya ndege kisha yakayeyuka husukuma kizibo: usijaze chupa hadi juu, funga shingo kwa gundi ya karatasi, na viatu vya kutokea visikae jirani.

Dawa ziwe kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari kwa Kiingereza. Tramadol na kodeini hudhibitiwa vikali Falme za Kiarabu, na watu wamefungwa kwa vidonge vya maumivu ambavyo kwetu huuzwa dukani. Unga wa mitishamba usio na lebo uache. Mirungi ni dawa ya kulevya Uingereza tangu 2014, na Ghuba vilevile. Na mzigo wa mtu mwingine, hata wa shangazi yake rafiki yako, usiubebe bila kuufungua mwenyewe. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 unatakiwa kuzitamka forodhani.

Miezi mitatu ya kwanza ugenini

Ujerumani, sajili anwani ndani ya wiki mbili tangu kuhamia. Huo usajili, Anmeldung, unahitaji karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, na bila huo huna namba ya kodi wala kibali cha ukaazi. Kwa hiyo chumba cha rafiki ambacho mwenye nyumba wake hataki kusaini si suluhisho. Viza ya kuingilia mara nyingi ni ya miezi mitatu hadi sita. Omba miadi ya ofisi ya wageni wiki ile ile ya kufika. Usilipe kodi ya chumba usichokiona, hata kama picha ni nzuri na mwenye nyumba anasema yuko safarini. Ndiyo wizi wa kawaida kabisa kwa wanafunzi wapya.

Uingereza hali yako ya uhamiaji sasa iko kwenye akaunti ya mtandaoni, kadi za plastiki zimeondolewa. Ingia, angalia jina, tarehe na masharti ya kazi, na ukibadilisha pasipoti iunganishe na akaunti kabla ya kusafiri tena. Kitu kimekosewa, ripoti mara moja. Baada ya mwaka hakuna atakayeamini hukuona.

Ghuba, jambo zito ni kuhama mwajiri. Ukitoka nyumbani kwa bosi bila utaratibu, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, na kuanzia hapo kadi yako haifai hata kama ulikuwa hulipwi. Mshahara ukikosekana, hifadhi jumbe, picha ya mkataba na tarehe, piga simu ubalozini, kisha upeleke lalamiko wizara ya kazi ya huko. Kama unapigwa au unafungiwa ndani, ondoka uende ubalozini au polisi. Uhai unatangulia karatasi. Tanzania ina balozi Muscat, Riyadh, Doha na Abu Dhabi, na konseli, yaani balozi ndogo, Dubai na Jeddah. Namba ya simu ya ubalozi iandike kwenye karatasi na uishone ndani ya nguo, kwani simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Popote ulipo, jiandikishe ubalozini ndani ya mwezi wa kwanza, ujiunge na umoja wa Watanzania wa mji huo. Msiba ukitokea, kusafirisha mwili ni gharama ambayo mtu mmoja haiwezi, na umoja huchangia mwanachama anayefahamika. Soma bima yako uone kama inagharamia hilo.

Pasipoti ikipotea, mpangilio ni huu: ripoti polisi upate karatasi ya upotevu, peleka ubalozini pamoja na nakala ya pasipoti, namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Ukiwa huna nakala hizo ubalozi unaandika Dar es Salaam, Dar es Salaam inauliza Kigoma, na maswali ya babu na kijiji yanaanza tena ukiwa mbali. Kwa hiyo kabla ya kuondoka skani kila karatasi pande zote mbili, tuma kwenye barua pepe yako na ya ndugu mmoja, na seti moja ya nakala zilizothibitishwa na wakili ibaki kwa mtu mwenye kabati linalofungwa. Anayechukua uraia wa nchi nyingine ajue anapoteza wa Tanzania siku hiyo, kwa hiyo masuala ya ardhi na urithi ayamalize na wakili kabla ya kula kiapo.